Sarafu ya dhahabu kuwa malipo halali: sheria za majimbo ya Marekani zinabadilisha nini?

Mwaka 1974 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu ya dhahabu yenye picha ya duma na kuiandika thamani ya shilingi 1,500. Sarafu hiyo ilitoka pamoja na nyingine mbili za madini ya fedha, moja ya twiga na moja ya kifaru, katika mfululizo wa kimataifa uliokusudiwa kuchangia uhifadhi wa wanyamapori. Ina uzito wa gramu 33.4, na mtu akiiyeyusha atabaki na dhahabu safi ipatayo gramu 30. Leo shilingi 1,500 ni nauli ya daladala ya kwenda mjini na kurudi, na chenji kidogo juu yake, ilhali gramu 30 za dhahabu ni mamilioni ya shilingi. Sarafu ni moja, lakini ina thamani mbili: ile iliyoandikwa usoni pake, na ile inayosomwa kwenye mizani ya sonara. Kwa hiyo sheria inapotamka kwamba sarafu ya dhahabu ni malipo halali, jambo la kwanza la kuuliza ni kwamba inazungumzia thamani ipi kati ya hizo mbili.

Swali hilo limerudi kwa nguvu nchini Marekani. Utah ilitangulia mwaka 2011 kwa sheria inayotambua sarafu za dhahabu na za fedha kuwa malipo halali ndani ya jimbo. Oklahoma ikafuata mwaka 2014, Wyoming mwaka 2018, Arkansas mwaka 2023 na Louisiana mwaka 2024. Mwaka 2025 zikaja Florida na Texas, majimbo mawili makubwa yenye uchumi unaozidi ule wa nchi nyingi. Vichwa vya habari vilisomeka kana kwamba watu wangeanza kununua mkate kwa dhahabu. Anayezisoma sheria zenyewe kwa utulivu hakuti jambo hilo. Anakuta mambo mengine, baadhi yake ya kuvutia zaidi kuliko mkate.

Kabla ya kuendelea, lugha yetu inadai maelezo kidogo. Kiswahili hutumia neno "fedha", lenye asili ya Kiarabu, kwa madini meupe yanayong'aa na pia kwa kitu chochote kinachotumika kununulia, na jambo hilo lenyewe ni kumbukumbu ya enzi ambapo viwili hivyo vilikuwa kitu kimoja. "Pesa" limetoka India na "hela" ni sarafu ndogo ya Wajerumani iliyobaki midomoni mwetu baada ya wenyewe kuondoka. Katika makala haya nitasema "fedha" kwa madini tu, na "pesa" kwa kile kinachopita sokoni, ili tusipotezane njiani.

Maneno "malipo halali" yana maana finyu kuliko wengi wanavyodhani. Hayamaanishi kwamba kila mwenye duka analazimika kukipokea kitu hicho. Maana yake yamo katika sheria ya madeni: mdaiwa akimpelekea mdai wake malipo halali kwa kiasi kamili cha deni, na mdai akayakataa, mdai huyo hawezi baadaye kwenda mahakamani na kudai kwamba hakulipwa, wala kudai riba ya siku zilizofuata. Deni halifutiki kwa kule kukataa, lakini lawama ya kuchelewa humwondokea mdaiwa. Kwa mwenye duka ambaye bado hajamkabidhi mteja bidhaa, hakuna deni. Kuna bei tu na mapatano yanayotarajiwa, na katika sheria ya shirikisho la Marekani hakuna kifungu kinachomlazimisha mfanyabiashara binafsi kupokea hata noti za dola. Kwa hiyo dhana nzima ni kinga ya mdaiwa, na uzito wake huonekana pale tu watu wawili wanapokuwa hawaelewani.

Chimbuko la mjadala ni sentensi moja ya Katiba ya Marekani. Katika Ibara ya Kwanza, kifungu cha 10, majimbo yanakatazwa kutengeneza sarafu, kutoa hati za karatasi za kutumika kama pesa, na kufanya kitu chochote kisichokuwa sarafu ya dhahabu na ya fedha kuwa malipo ya madeni. Waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuiandika Katiba hiyo walikuwa wameshuhudia kwa macho yao jinsi karatasi zilizochapishwa wakati wa vita vya uhuru zilivyoporomoka thamani, na jinsi Rhode Island ilivyochapisha noti mwaka 1786 na kuwabana wadai wazipokee. Pendekezo la kuweka katazo hilo lilitolewa na James Wilson wa Pennsylvania na Roger Sherman wa Connecticut, na shabaha yake ilikuwa kuwalinda wadai dhidi ya mabunge ya majimbo yaliyokuwa yakiwaonea huruma wadaiwa. Inafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu leo kifungu kile kile kinatajwa kana kwamba kiliandikwa kumlinda mwananchi wa kawaida dhidi ya serikali kuu.

Kisarufi, sentensi ile ni katazo. Inayaambia majimbo yasichoweza kufanya. Haiyaamuru kufanya lolote, na haimgusi mwingine. Bunge la shirikisho, kwa upande wake, lilipewa katika kifungu cha 8 mamlaka ya kutengeneza sarafu na kupanga thamani yake pamoja na thamani ya sarafu za kigeni. Majimbo yaliachiwa mlango mwembamba: yakitaka kutaja malipo halali, yanaweza kutaja dhahabu na fedha, na hayo tu. Kwa zaidi ya karne mbili mlango huo ulibaki umefungwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuupita.

Sheria ya sarafu ya mwaka 1792 iliweka dola kuwa gramu 24.06 za fedha safi, na ikaweka sarafu ya dhahabu ya dola 10 kuwa gramu 16.04 za dhahabu safi. Ukigawanya, utaona kwamba sheria ilihesabu gramu moja ya dhahabu kuwa sawa na gramu 15 za fedha. Ulaya, hasa Ufaransa, uwiano ulikuwa karibu na 15.5. Tofauti hiyo ya nusu ilitosha kuiondoa dhahabu nchini, kwa maana mfanyabiashara yeyote mwenye hesabu nzuri alilipa madeni yake kwa fedha na kuipakia dhahabu melini kwenda mahali ilipothaminiwa zaidi. Mwaka 1834 Bunge likabadilisha uwiano kuwa karibu 16, na safari hii fedha ndiyo iliyotoroka. Wachumi huita jambo hili kanuni ya Gresham: ikiwa sheria inazilazimisha pesa mbili zihesabiwe sawa, ile hafifu hubaki mikononi mwa watu na ile nzito hufichwa, huyeyushwa au husafirishwa. Msomaji asiache kulikumbuka jambo hili, maana ndilo jibu la kwa nini dhahabu haitumiki madukani hata pale inaporuhusiwa kabisa.

Pigo la pili lilikuja wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1862, serikali ya Abraham Lincoln, ikiwa haina dhahabu ya kulipia jeshi, ilitoa noti za karatasi na kuzifanya malipo halali ya madeni ya watu binafsi. Waziri wa Hazina aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Salmon Chase. Miaka minane baadaye Chase huyo huyo, sasa akiwa Jaji Mkuu, aliandika hukumu iliyosema kwamba noti hizo hazikuweza kulazimishwa kwa madeni yaliyokuwapo kabla ya sheria. Ni mara chache mtu hupata nafasi ya kuhukumu kazi ya mikono yake mwenyewe. Hukumu yake haikudumu mwaka mmoja na nusu: Rais Ulysses Grant aliteua majaji wawili wapya, na mwaka 1871 Mahakama ya Juu ikageuka kwa kura tano dhidi ya nne. Mwaka 1884, katika shauri la Juilliard dhidi ya Greenman, ikamaliza ubishi kwa kusema kwamba Bunge la shirikisho linaweza kufanya karatasi kuwa malipo halali hata wakati wa amani.

Katika kipindi hicho kuna hukumu mbili zisizotajwa sana ambazo kwa mada yetu zina thamani kuliko zile maarufu. Katika shauri la Lane County dhidi ya Oregon la mwaka 1869, mahakama ilikubali kwamba jimbo linaweza kudai kodi zake zilipwe kwa sarafu ya dhahabu na fedha, kwa kuwa sheria ya noti ilihusu madeni, na kodi ya jimbo haikuwa deni kwa maana hiyo. Na katika shauri la Thompson dhidi ya Butler la mwaka 1877, ilisema kwamba kwa deni la kawaida dola ya sarafu haizidi dola ya noti: mdaiwa akichagua kulipa kwa sarafu, inahesabiwa kwa thamani iliyoandikwa, hata kama kwa sonara ingemletea zaidi. Hukumu hii ya pili haijawahi kubatilishwa, na ndiyo kisiki kinachowakwaza wanaodhani neno "halali" peke yake linaiinua sarafu hadi thamani ya uzito wake.

Karne ya ishirini iliyapeleka mambo mbali zaidi. Aprili 1933 Rais Franklin Roosevelt aliamuru watu wapeleke dhahabu yao benki na kulipwa dola 20.67 kwa wakia, yaani gramu 31.1. Januari mwaka uliofuata bei rasmi ikapandishwa kuwa dola 35, na faida ikabaki kwa Hazina. Mikataba iliyokuwa na sharti la kulipwa kwa dhahabu ilifutiwa sharti hilo, na Mahakama ya Juu ikaridhia mwaka 1935. Mwaka 1965 fedha iliondolewa katika sarafu ndogo za senti 10 na 25. Agosti 1971 Rais Richard Nixon alikata uzi wa mwisho kwa kukataa kuendelea kuzipa serikali za nje dhahabu badala ya dola. Baada ya hapo milango ilianza kufunguliwa upande wa pili, kimyakimya: mwisho wa mwaka 1974 Wamarekani waliruhusiwa tena kumiliki dhahabu, na mwaka 1977 waliruhusiwa tena kuandika mikataba yenye sharti la dhahabu.

Ndipo mwaka 1985 Bunge likaagiza zitengenezwe sarafu mpya zijulikanazo kama American Eagle, zilizoanza kuuzwa mwaka 1986. Ile ya dhahabu yenye wakia nzima imeandikwa dola 50. Ile ya fedha yenye wakia nzima imeandikwa dola 1. Zote ni malipo halali kwa sheria ya shirikisho, na zimekuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Hapa pana jambo ambalo habari nyingi huliruka. Sheria ya Utah ilipotangaza kwamba sarafu za dhahabu na za fedha zilizotolewa na serikali ya shirikisho ni malipo halali katika jimbo, ilitangaza jambo ambalo tayari lilikuwa kweli. Mtu wa Salt Lake City angeweza tangu mwaka 1986 kwenda kulipa deni la dola 50 kwa sarafu ya Eagle na mdai asiwe na hoja. Ila angekuwa ametoa mali ya dola mia kadhaa kulipa deni la dola 50.

Basi sheria ile, iliyotiwa saini na Gavana Gary Herbert Machi 2011, ilileta nini? Ilileta mambo mawili, na moja tu kati yake ndilo lenye uzito. La kwanza ni tamko kwamba hakuna mtu atakayelazimishwa kupokea sarafu hizo isipokuwa mwenyewe amekubali kwa mkataba. Tamko hilo linaondoa kile ambacho, kama tulivyoona, ndicho kiini cha malipo halali, yaani nguvu ya mdaiwa dhidi ya mdai asiyetaka. La pili ni kodi. Jimbo lilisema kwamba kubadilisha sarafu hizo kuwa pesa nyingine hakutaleta kodi ya jimbo kwa lile ongezeko la bei. Jina la sheria linataja pesa, lakini mwili wake ni sheria ya kodi, na nadhani ingeeleweka haraka zaidi kama ingeitwa hivyo.

Tuchukue hesabu tuone ukubwa wa nafuu hiyo. Mtu alinunua wakia moja Machi 2011, bei ilipokuwa karibu dola 1,400. Oktoba 2025, bei ilipovuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza, akaitumia sarafu hiyo kulipa deni la dola 4,000 kwa mdai aliyekubali kuihesabu kwa uzito. Kwa macho ya mamlaka ya kodi ya shirikisho, mtu huyu ameuza mali na kupata faida ya dola 2,600. Sarafu za dhahabu na za fedha huwekwa katika fungu moja na michoro na stempu za kale, vitu vya wakusanyaji, ambavyo faida yake ya muda mrefu hutozwa hadi asilimia 28. Kodi ya shirikisho inaweza kufika dola 728. Kodi ya mapato ya Utah ni takriban asilimia 4.5, kwa hiyo kile ambacho sheria ya jimbo inamwokolea ni dola 117 hivi. Jimbo limefungua kifuli chake kidogo. Kifuli kikubwa kiko Washington, na majimbo hayana ufunguo wake.

Kuna mkandarasi mmoja wa Las Vegas aliyejaribu kukivunja kifuli hicho kwa hoja ya kisheria. Aliwalipa wafanyakazi wake kwa sarafu za dhahabu na fedha, akahesabu mishahara kwa thamani iliyoandikwa, ambayo ilikuwa ndogo mno kiasi cha kutofikia kiwango cha kutozwa kodi, na wafanyakazi wakazibadilisha kuwa pesa taslimu kwa thamani ya madini. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kama serikali yenyewe imeandika dola 50 juu ya sarafu, kwa nini isiwe dola 50 siku ya kodi? Mahakama ilijibu kwamba mfanyakazi anayepokea mali hutozwa kwa thamani halisi ya kile alichopokea. Mwaka 2009 alitiwa hatiani na kuhukumiwa zaidi ya miaka 15 jela. Kwa hiyo sheria ya shirikisho inaitazama sarafu hiyo hiyo kwa macho mawili: kwenye deni huangalia kilichoandikwa, kwenye kodi huangalia mizani, na kila upande mwenye sarafu ndiye anayeumia.

Majimbo mengine yamefuata mkondo wa Utah, kila moja kwa namna yake. Arizona ina hadithi ya kusuasua: Gavana Jan Brewer aliukataa muswada mwaka 2013, mrithi wake Doug Ducey akaukataa mwaka 2015, kisha mwaka 2017 akatia saini sheria iliyoondoa kodi ya jimbo kwenye ongezeko la bei la sarafu hizo. Florida, kwa sheria iliyotiwa saini na Gavana Ron DeSantis Mei 2025 na kupangwa kuanza Julai 2026, inagusa kodi ya mauzo na pia inaweka utaratibu wa taasisi za pesa zinazotaka kupokea na kutunza sarafu hizo. Texas ndiyo iliyokwenda mbali zaidi, nami nitairudia.

Wanaozitetea sheria hizi husema zaidi kuhusu akiba kuliko kuhusu kodi. Hoja yao ni kwamba dola imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake tangu mwaka 1971, na kwamba mtu aliyeficha wakia moja ya dhahabu mwaka ule, kwa bei rasmi ya dola 35, leo ana maelfu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kadiri inavyokwenda. Lakini inazungumzia kuweka, ilhali sheria ya malipo halali inahusu kudaiwa, na mambo hayo mawili hayavutani upande mmoja. Aliyeweka wakia 10 mwaka 2011 alifurahi Oktoba 2025. Aliyekopa wakia 10 mwaka 2011, zenye thamani ya dola 14,000, na kuandikiana kurejesha wakia 10, alilazimika kutafuta dola 40,000. Na upepo huweza kugeuka: dhahabu iliyofika dola 850 Januari 1980 ilishuka hadi karibu dola 250 mwaka 1999, na hapo ni mdai ndiye angelia. Pesa ya kuhesabia madeni inatakiwa itulie, na dhahabu ya leo, inayouzwa na kununuliwa duniani kote kila sekunde, haitulii.

Pwani na bara la Afrika Mashariki zina somo lao kuhusu hili, na si la kukisia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza pesa ya Kenya ilikuwa rupia ya fedha ya India, na rupia 15 zilihesabiwa kuwa pauni moja ya Uingereza. Wakati wa vita bei ya fedha ilipanda kwa kasi duniani, rupia ikapanda nayo kwa kuwa ilikuwa fedha halisi, na kufikia mapema mwaka 1920 rupia moja ilivuka shilingi mbili za Kiingereza. Serikali ya kikoloni ikaifunga hapo: rupia 10 kwa pauni. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 1,500 benki, na aliyeuza kahawa yake London kwa pauni, alikuwa akihitaji pauni 100 kulimaliza. Ghafla akahitaji 150, bila kukopa hata senti moja zaidi. Baadaye bei ya fedha iliporomoka, lakini kiwango kilichofungwa kikabaki. Mzigo haukuishia kwa mlowezi. Mwaka 1921, bei za mazao zikiwa nazo zimeanguka, waajiri walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na upinzani dhidi ya hatua hiyo ndio uliomwinua mwanaharakati Harry Thuku jijini Nairobi. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka huo ilikuwa na fedha robo tu ya uzito wake, na nadhani waliopanga hivyo hawakufanya kwa ubahili peke yake. Walikuwa wametoka kuona kinachotokea pale bei ya madini inapoamua kiasi cha madeni ya watu.

Turudi kwenye mlango mwembamba wa Katiba. Maadamu jimbo linatambua sarafu zilizotolewa na serikali ya shirikisho, hakuna mgongano wa maana, kwa kuwa linarudia lililokwisha kusemwa. Mgongano unaanza kunukia jimbo linapopanua wigo. Sheria ya shirikisho inasema waziwazi kwamba sarafu za kigeni za dhahabu au fedha si malipo halali ya madeni, na jimbo linalotaka Krugerrand ya Afrika Kusini ihesabiwe sawa na Eagle linasimama ana kwa ana na maneno hayo. Vilevile Katiba inaliruhusu jimbo kutaja "sarafu". Haikutaja mkuo wa dhahabu, wala kipande cha fedha, wala salio linaloonekana kwenye simu. Wanaoipenda Katiba kwa neno lake inafaa walipende pia neno hilo, hata linapowabana.

Njia ambayo haina matatizo hayo, na ambayo hukumu ya Oregon ya mwaka 1869 iliiacha wazi, ni jimbo lenyewe kupokea dhahabu na fedha kwa kodi na ada zake, kwa bei ya siku. Serikali inayopokea kitu kwa kodi hukifanya kitafutwe, na hilo lina nguvu kuliko tamko lolote, kama wazee wetu walivyojifunza wakoloni walipodai kodi ya kibanda kwa sarafu na kuwalazimisha watu kwenda kuzitafuta mashambani kwa walowezi. Lakini jimbo linalofanya hivyo linajitwika hatari ya bei: likipokea wakia leo na kulipa walimu kwa dola mwezi ujao, mtu fulani atabeba tofauti. Ndiyo maana sheria nyingi hizi huishia kwenye kuruhusu, na hazifiki kwenye kupokea.

Texas imejaribu kulizunguka tatizo hilo kwa ghala. Mwaka 2015 jimbo lilianzisha kwa sheria hifadhi yake ya madini ya thamani, iliyofunguliwa mwaka 2018 na kuhamia katika jengo lake huko Leander, karibu na Austin, mwaka 2020. Sheria iliyotiwa saini na Gavana Greg Abbott Juni 2025 inaitambua dhahabu na fedha kuwa malipo halali kuanzia tarehe 1 Mei 2027, na inamtaka mdhibiti wa hesabu za jimbo aweke mfumo wa kielektroniki wa kuhamisha umiliki wa madini yaliyomo ghalani, ikiwezekana kwa kadi kama ile ya benki. Hakuna anayelazimishwa kupokea. Kwa upande wa ufundi, mfumo huu unaondoa vikwazo vya zamani: hakuna haja ya mizani dukani, hakuna wasiwasi wa usafi wa madini, na mtu anaweza kulipa sehemu ndogo sana ya wakia bila kukata sarafu.

Kinachobaki ni ile hesabu ya dola 728. Kila mara mwenye kadi hiyo atakapoipitisha kwenye mashine kununua mafuta ya gari au kulipa bili ya chakula, kwa sheria ya shirikisho atakuwa ameuza chembe ya dhahabu. Atapaswa kujua aliinunua lini na kwa bei gani, bei ya dakika ile ilikuwa ngapi, na faida au hasara yake ilikuwa senti ngapi, na kuyaandika yote hayo katika fomu yake ya kodi mwisho wa mwaka. Texas haina kodi ya mapato ya watu binafsi, kwa hiyo jimbo halina la kumsamehe mkazi wake hapo. Msamaha pekee wenye maana ungetoka katika Bunge la shirikisho, ambako miswada ya kuondoa kodi hiyo kwenye sarafu za dhahabu na fedha imewahi kuwasilishwa mara kadhaa na kufia kwenye kamati.